Namna ya Kuzifikia Huduma za Halmashauri Ukianzia Ofisi ya Mtaa Wako

Wakazi wengi wa miji ya Tanzania hufika katika ofisi ya serikali ya mtaa kwa mambo mawili tu: kuomba barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya benki au kumdhamini ndugu, na kujiandikisha ili wapige kura. Baada ya hapo hupita barabarani mbele ya ofisi hiyo miaka mitano mizima bila kugeuza shingo, ilhali sehemu kubwa ya huduma ambazo halmashauri inapaswa kumfikishia mwananchi huanzia kwenye meza hiyo ya mbao yenye daftari na muhuri. Nimeishi katika mtaa wangu muda wa kutosha kuona kwamba anayepata huduma mapema ni yule anayejua aanzie mlango upi na aende na karatasi gani mkononi, na mambo hayo mawili kila mtu anaweza kujifunza.

Kwanza tofautisha watu unaowakuta pale. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri; ndiye anayetunza kumbukumbu, na hata mwenyekiti akibadilika yeye huweza kubaki. Juu yao yupo mtendaji wa kata, ambaye aghalabu hufanya kazi jirani na afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kata ndiyo anayoiwakilisha diwani katika baraza la madiwani. Anayeishi katika mamlaka ya mji mdogo, ambayo iko chini ya halmashauri ya wilaya, huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji badala ya mtaa, lakini njia ya kupanda ni ileile. Ukiruka ngazi moja na kwenda moja kwa moja makao makuu ya halmashauri, mara nyingi utarudishwa chini ukachukue barua, na nauli yako itakuwa imekwenda bure.

Jitambulishe kabla hujapata shida. Ukihamia mtaa mpya, hata kama ni mpangaji wa chumba kimoja, nenda ofisini na kitambulisho chako cha taifa au namba yake, pamoja na mkataba wa upangaji kama unao, uombe jina lako na majina ya watu wa kaya yako yaandikwe katika daftari la wakazi. Muulize pia mtendaji ni mjumbe yupi wa serikali ya mtaa anayeishi karibu nawe, umfuate umsalimie. Hatua hii huonekana ndogo, lakini siku utakayohitaji kuthibitishiwa makazi, jambo linaloulizwa kwanza ni kama kuna mtu anayekufahamu, na mgeni asiyejulikana huzungushwa hata pale ambapo haki iko upande wake.

Kwa mwenye mtoto mdogo, la kuwahi ni cheti cha kuzaliwa. Chini ya mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano, cheti hutolewa bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya kutolea huduma za afya, hivyo usingoje mtoto afike umri wa kuandikishwa shule ndipo uanze kutafuta tangazo la kizazi ambalo limekwishaliwa na panya. Kwa mwenye mzazi aliyetimiza miaka 60 na asiye na uwezo, sera ya afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa gharama za matibabu, na halmashauri huwatambua wazee hao kupitia mitaa na kuwapa vitambulisho. Peleka jina la mzee wako mtaani akiwa bado mzima, kwa sababu kitambulisho hakipatikani siku ileile anapolazwa.

Sasa nifike kwenye mikopo ya asilimia 10, ambayo huulizwa kuliko kitu kingine chochote na ambayo watu wengi huikosa kwa makosa ya karatasi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwezi Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya ambao umewekewa uhakiki mkali zaidi. Ukali huo msiuchukie. Kila kikundi hewa kilichopewa fedha kilikuwa kimechukua nafasi ya kina mama halisi waliokuwa wakikaanga samaki au kufuga kuku kwa mtaji wa kukopeshana.

Anzeni kwa kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla hamjaandika chochote, kwa kuwa masharti ya umri na idadi ya wanakikundi yamebadilishwa zaidi ya mara moja, na yeye ndiye mwenye kanuni zinazotumika sasa. Atawaelekeza mfanye mkutano wa kuanzisha kikundi, muandike muhtasari wake, mchague viongozi, mtunge katiba, kisha msajiliwe na halmashauri na kupewa cheti. Baada ya cheti mtafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, halafu mtaandaa andiko la mradi. Maombi hupitia mtaa na kata, ambako wanakikundi hutembelewa kuona kama shughuli ipo kweli, ndipo yapande halmashauri.

Hapa nisimulie lililotukuta, maana lingeweza kuepukika kwa dakika tano. Kikundi chetu cha ufugaji kilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza, jina la mwenzetu mmoja katika katiba lilikuwa na herufi moja ya ziada ambayo haimo katika kitambulisho chake cha taifa. Mara ya pili, cheti cha usajili kilitaja kikundi kwa jina refu, ilhali benki tuliandika kifupi chake. Tukapoteza robo nzima ya mwaka, na vifaranga tuliotarajia kuwanunua kabla ya sikukuu tukawanunua baada ya bei kupanda. Tangu hapo, kila kikundi kinachoniomba ushauri nakiambia kiweke vitambulisho vyote mezani, mtu mmoja asome jina herufi kwa herufi na mwingine afuatishe kwa kidole katika katiba, muhtasari na fomu ya benki.

Katika andiko la mradi msiige la kikundi jirani. Andikeni mnachokifanya tayari: mna kuku wangapi, mnanunua chakula wapi na kwa bei gani, mnamuuzia nani mayai, na fedha ikiingia itanunua nini hasa. Afisa anayekuja kukagua huliona banda kwa macho yake, na akikuta mmeandika kuku 500 katika banda lisilotosha 80, hataamini hata yale ya kweli. Tena kubalianeni mapema, kwa maandishi, nini kitafanyika mwenzenu akiugua au akihama, kwa sababu deni hubaki kuwa la kikundi.

Kwa migogoro ya ardhi, pelekeni shauri kwanza katika baraza la kata. Baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha wala si kutoa hukumu, na ikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Ukatili dhidi ya mtoto usiungojee kikao chochote: piga namba 116, ambayo haina malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Hudhurieni pia mkutano wa mtaa, hasa kati ya Oktoba na Desemba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, na kalavati ambalo halikutajwa na mkazi yeyote wakati huo ni vigumu kulikuta katika bajeti. Mkiwa na hoja, teueni mtu mmoja aiseme kwa ufupi, ahakikishe imeingia katika muhtasari, kisha mumfuate diwani na nakala. Vikao vya baraza la madiwani hufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza.

Mwisho ni suala la fedha na kumbukumbu. Ukiambiwa ulipie huduma, omba namba ya malipo ya serikali na risiti. Malipo ya fedha taslimu yasiyo na risiti yakatae kwa adabu, na ukilazimishwa mweleze mtendaji wa kata. Kila barua unayopeleka itoe nakala mbili, iwe na tarehe na namba yako ya simu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na saini ya aliyeipokea. Mimi nakala zangu naziweka katika bahasha moja ya khaki juu ya kabati, na nikirudi ofisini kuulizia, huitoa yenye tarehe ya karibuni na kuiweka mezani kabla sijasema neno.