Unaenda usaili wa tamthilia Dar? Soma hii kabla hujatoka nyumbani

Ndugu zangu mnaotaka kuigiza, kuna kitu mimi nilichelewa sana kukijua: kukariri skripti sio kujiandaa, ni nusu tu ya kazi. Usaili wangu wa tatu, hapo Mikocheni, nilipewa sini ya mama anayemsubiri binti yake usiku, mstari wa kwanza "umetoka wapi saa hizi?", nikaukariri kwa ukali siku tatu nzima kwa sauti ile ile mpaka wapangaji wenzangu wakaujua. Siku yenyewe nikaingia nikafoka vizuri tu. Dairekta akasema sawa, sasa nipe huyo mama akiwa amechoka, hana hata nguvu ya kugomba. Nikafoka tena. Akanielekeza upya, nikafoka ila kwa sauti ndogo. Akasema asante. Nikiwa kwenye daladala narudi Mbagala ndo nikaelewa, hakuwa na shida na maneno, alitaka kuona kama naelekezeka.

Kwahiyo ukitumiwa karatasi yako ya mistari wasap, isome kwanza bila kuigiza. Jiulize huyu mtu anataka nini kwa mwenzake, na nini kimetokea dakika tano kabla hajafungua mdomo. Alafu kariri maneno yakiwa makavu, kama unasoma orodha ya vitu vya dukani, ili yasishikamane na sauti moja. Hapo ndo uanze kuyajaribu: kwa hasira, kwa kubembeleza, kama mtu anayeficha kilio. Muombe mdogo wako au jirani akusomee upande wa pili na umsikilize kweli, maana kamera inamuona kabisa mtu ambaye anasubiri tu zamu yake ya kuongea. Wengi tumetoka maigizo ya shule na kanisani tumezoea sauti ifike benchi la mwisho, kwenye kamera punguza, mikono nayo itulie, macho yatafanya kazi.

Nguo: vaa rangi moja iliyotulia, usivae nyeupe pee wala mistari midogo midogo inayochezacheza kwenye kamera, wala fulana yenye maandishi. Kama ni mama ntilie weka kitenge, inatosha, usibebe sufuria. Na kwa joto la Dar beba shati la akiba, nakwambia ukweli, utashukuru.

Ukiambiwa saa 3 asubuhi uwe pale saa 2 na nusu, na kama unatokea Gongo la Mboto au Mbagala toka mapema mno kwa sababu foleni haijui kama una usaili. Ukifika salimia kila mtu, na anayeandika majina mlangoni pia, huyo mara nyingi anaulizwa baadae "yule dada alikuwaje hapo nje?" Simu zima kabisa. Usiwaseme wenzako kwenye benchi, na usimsumbue anayepitia mistari yake.

Ndani utajitambulisha jina, umri na unapoishi, utaambiwa geuka kulia, kushoto, alafu unaanza. Ukisahau mstari usijishike kichwa wala kuomba msamaha mara kumi, vuta pumzi uendelee, ikishindikana sema "naomba nianze upya". Ukiulizwa unajua kuendesha gari au kuogelea na hujui, sema hujui. Siku ya shutingi watu wote watakuwa wanakusubiri wewe.

Kama wanataka video ya kujirekodi, weka simu kwa ulalo, isisimame wima, kaa ukitazama dirisha ili mwanga ukupige usoni, nyuma yako uwe ukuta mtupu, zima feni, na rekodi asubuhi mapema mwanga ukishatoka, kabla kelele za bodaboda hazijazidi. Anayekusomea asimame karibu kabisa na simu, umtazame yeye, usitazame kamera.

Sasa hili wadogo zangu mnisikilize, hasa mabinti. Usaili wa usiku gesti sio usaili. Anayekuomba hela ya fomu ili upate nafasi, mkimbie. Anayetaka mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Tunza meseji zake, piga TAKUKURU 113, ni bure. Na hata usaili wa halali nenda na mtu, akusubiri nje, hakuna dairekta wa maana atakayekasirika.

Ukimaliza sema asanteni, ondoka. Usiwapigie kila siku kuuliza majibu. Mimi nina daftari, nikitoka tu naandika sini ilikuwa ipi, nilielekezwa nini, nilikwama wapi, na ukurasa wa yule mama aliyechoka bado naufanyia mazoezi.