SOMO: Namna ya kuichunguza shule ya msingi kabla hujamwandikisha mtoto (soma lote kabla hujaniuliza)

Wakuu salaam. Kila ikifika Oktoba simu yangu haipumui. "Baba Tumaini, ile shule ya pale njia panda ikoje?" Nikimjibu huyu anakuja shemeji yake na swali lilelile. Mwaka huu naandika mara moja, atakayepiga nitamtumia somo hili. Mimi si mwalimu wala si mtu wa wizara. Ni mzazi wa watoto watatu, na wa kwanza nilimponza kwa kutojua kusoma ukurasa mmoja wa matokeo.

HATUA YA 1. Amua kama ni kayumba (shule ya serikali) au mchepuo wa Kiingereza. Hilo ni lako na mfuko wako, simo.

HATUA YA 2. Pata jina kamili la shule, kata na halmashauri. Shule zinazoitwa Uhuru, Mwenge, Azimio na Umoja zimejaa nchi nzima, usije ukasifia ya mkoa mwingine. Kama ni ya binafsi, omba namba ya usajili, ile inayoanza na EM, na namba ya kituo cha mtihani, inayoanza na PS. Wakiumauma maneno, aga uondoke. Shule isiyo na kituo, watoto wake hupelekwa kufanyia mtihani shule nyingine, na jina utakalolikuta kwenye matokeo siyo la ile unayoilipa ada.

HATUA YA 3. Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), necta.go.tz, sehemu ya matokeo. Darasa la saba limeandikwa PSLE, darasa la nne SFNA. Chagua mwaka, mkoa, halmashauri, shule. Habari za "kumi bora kitaifa" sahau, baraza liliacha kuzitangaza. Orodha zinazozunguka WhatsApp kila matokeo yakitoka kuna watu wanajitungia.

HATUA YA 4. Soma wastani wa shule. Darasa la saba ni masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, 61 hadi 120 ni D, chini ya hapo ni E. Usiishie kwenye wastani, shuka hadi kwa mtoto mmoja mmoja. Shule nyingi Kiswahili ndicho kinachobeba mzigo, ukifika kwenye Hisabati unakuta D zimepangana kama matofali. Na shule yenye watahiniwa 12 usiilinganishe na yenye 140: pale penye 12, mtoto mmoja akiugua siku ya mtihani wastani wote unayumba.

HATUA YA 5. Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa.

Binti yangu nilimpeleka shule moja ya binafsi kwa sababu wastani wake wa darasa la saba ulikuwa wa juu. Nikaona A, nikalipa. Miaka sita mtoto anakwenda vizuri tu, wa katikati, si wa kwanza wala si wa mwisho. Novemba ya darasa la sita naitwa. Mwalimu wa taaluma kanikalisha, kasukuma bahasha mezani, halafu kaanza kupanga chaki kwenye boksi, moja moja, rangi na rangi, mpaka nilipomaliza kusoma. Barua ilisema mtoto "hajafikia wastani wa shule", nichague: akariri la sita au nimtafutie shule "itakayomfaa". Wizara imeshakataza michujo ya namna hiyo mara nyingi, lakini kwenye barua hakuna palipoandikwa mchujo. Imeandikwa ushauri.

Usiku ule ndipo nikafanya hesabu niliyotakiwa kuifanya kabla sijatoa hata shilingi. Nikafungua matokeo yao ya darasa la nne ya 2018: watoto 61. Nikafungua darasa la saba la 2021, ambao ndio walewale miaka mitatu baadaye: 38. Watoto 23 wameyeyuka. Nikarudi mwaka wa nyuma yake: 57 wakabaki 36. Ile A niliyoipenda ilikuwa wastani wa waliobakizwa. Wengine walikuwa kayumba ya ng'ambo ya barabara, na wangu alikwenda hukohuko. Kamaliza na B.

Kwa hiyo hesabu ni hii: waliofanya darasa la nne mwaka fulani, linganisha na waliofanya darasa la saba miaka mitatu mbele. 2021 na 2024. 2022 na 2025. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Tahadhari, na msiziruke:

Kupungua watoto watatu, wanne, watano siyo kosa la shule. Wazazi huhama, na wapo wanaokariri la nne kwa sababu hawakufaulu mtihani wenyewe. Tafuta anguko kubwa linalojirudia.

Mwaka mmoja hausemi kitu. Angalia mikupuo mitatu (mkupuo ni darasa moja ulilolifuata kutoka la nne hadi la saba) ndiyo uanze kufungua mdomo.

Idadi ikipanda sana kutoka la nne hadi la saba nako uliza. Kuna shule zinapokea wahamiaji wa la tano na la sita kwa usaili mkali, zinachukua waliokwisha kupikwa kwingine.

Na usiende shuleni kifua mbele na karatasi yako ukamshutumu mwalimu mkuu. Uliza kistaarabu: "Mwalimu, naona darasa hili lilianza na 61, wengine walikwenda wapi?" Kisha nyamaza. Mwenye jibu atakupa, asiye na jibu ataanza kukusimulia habari za basi jipya.

HATUA YA 6. Nenda shuleni mwenyewe, siku ya kawaida, mapumziko ya saa nne. Siku ya mahafali kila kitu kimepigwa rangi. Chungulia darasa uhesabu: mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, awali 25. Hesabu matundu ya choo, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hata kayumba hazifikii hapo mara nyingi, najua, lakini utaona nani anajitahidi. Chukua daftari la mtoto yeyote la mwezi uliopita uone kama limesahihishwa au limepigwa vyema vya kupita.

HATUA YA 7. Uandikishaji. Kayumba huandikisha kuanzia Oktoba kwa masomo ya Januari: awali miaka 5, la kwanza miaka 6. Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa, hata kama hawajaitaja. Ada hakuna. Binafsi wana fomu, usaili na ada, na hapo dai mchanganuo kwa maandishi: ada, usafiri, chakula, kambi ya darasa la saba, mahafali. Uliza pia kwa maandishi utaratibu wao wa kukaririsha. Kama ningeuliza hilo, somo hili msingelisoma.

Maswali karibuni.

—

Mzee wa Fursa: Mkuu kwa hiyo shule gani nzuri hapo Dar?

Baba Tumaini: Hatua ya 1 mpaka ya 7.

Mzee wa Fursa: Sawa ila si ungetaja tu hata tatu.

Baba Tumaini: Nikitaja tatu utasoma tatu. Sitaji.

Mama Nuru: Asante kwa somo. Shule niliyoipata ni changa, darasa la juu kabisa ni la tano. Hakuna matokeo ya la saba ya kulinganisha. Nafanyaje?

Baba Tumaini: Swali zuri, na nilipaswa kuliweka juu. Kwanza namba ya usajili, bila hiyo usiendelee. Pili, la nne watakuwa wameshafanya, angalia SFNA yao. Tatu, omba uonyeshwe idadi ya kila darasa. Shule changa kwa kawaida madarasa ya chini ndiyo makubwa, hilo lisikutishe. Kinachotakiwa ni kufuata darasa lilelile: waulize la tano la leo lilikuwa na wangapi lilipokuwa la tatu. Na tafuta mzazi aliyemtoa mtoto wake pale. Wanaobaki watakusifia, aliyeondoka ndiye mwenye habari. Ukikwama, afisa elimu kata anazijua shule zake zote, mfuate ofisini asubuhi.

Mama Nuru: Nitafanya hivyo. Vipi ripoti za wadhibiti ubora, mzazi anaruhusiwa kuziona?

Baba Tumaini: Wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Mimi nilimwomba mwalimu mkuu wa shule anayosoma mdogo wake binti yangu, akanisomea sehemu ya mapendekezo mbele yangu. Akikubali kukusomea, hilo peke yake limekueleza kitu kuhusu yeye.

Kasuku: naomba link

Baba Tumaini: Hatua ya 3.

Mwl. Chaki Nyeupe: Nafundisha shule binafsi mwaka wa tisa. Andiko hili linatuchafua wote kwa kosa la shule moja. Wazazi haohao wakiona wastani umeshuka kwa alama kumi wanahamisha watoto. Mnataka tufanye nini?

Baba Tumaini: Mwalimu, sijaitaja shule wala sijasema ni zote. Nimesema hesabuni. Shule yako kama ilianza na 50 ikamaliza na 48, hesabu hii itakuletea wazazi.

Mwl. Chaki Nyeupe: Basi hesabu na kayumba. Huko nako watoto wanapungua.

Baba Tumaini: Hapo umenikamata, ni kweli na sikuandika. Kayumba wakipungua mara nyingi ni utoro, mtoto kaenda kuchunga, kaenda kuuza karanga, kaozwa. Hesabu ni ileile, swali la kumuuliza mwalimu mkuu ndilo linabadilika: mtoto asipofika siku tatu, mnafanya nini? Asante kwa kunisahihisha.

Binti wa Kilosa: Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Hii kanuni yako ya miaka mitatu si inakufa?

Baba Tumaini: Nimefurahi kuna mtu anawaza mbele. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa la kwanza na la tatu. Waliokuwa la tatu 2024 wanafika la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba la mwisho linamaliza. Kwa hiyo kwa mkupuo huo usitumie miaka mitatu, waliofanya la nne 2025 wafuate hadi la sita 2027. Na mwaka huo utakuta shule moja ina madarasa mawili yanayomaliza, usiyajumlishe ukadhani watoto wameongezeka.

Binti wa Kilosa: Nimeelewa kabisa. Nyongeza ndogo kwa wengine: jina la mtoto liandikeni shuleni kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Likishaingia kwenye mfumo na namba yake ya PREM (mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi) ndilo litakalomfuata. Wangu aliandikwa "Zuwena" cheti kinasema "Zuena", nimezunguka ofisi miezi miwili.

Baba Tumaini: Hilo libandikwe ukutani. Na kama cheti bado, nenda RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) sasa hivi, usisubiri Desemba foleni ikifika barabarani.

Dereva Mstaafu: Mimi naongeza la usafiri. Nimeendesha gari la shule. Kabla hujalipa, simama kituoni alfajiri mbili tatu. Tazama limebeba wangapi, kuna matroni au hakuna, na mtoto wa kwanza kupandishwa kapandishwa saa ngapi. Kuna watoto walikuwa wanapanda kwangu saa kumi na moja kasoro, wanalala mpaka getini.

Baba Tumaini: Mzee, hii nimejifunza mimi. Wangu wa mwisho nitamfuatilia wiki hii.

Kasuku: link haifunguki

Baba Tumaini: Sijakupa link. Andika necta.go.tz kwa mkono wako. Siku matokeo yakitoka tovuti huelemewa, ingia usiku.

Baba Wawili: Mwanangu anatimiza miaka 6 mwezi Machi. Aandikishwe la kwanza Januari au asubiri?

Baba Tumaini: Miezi miwili mitatu huwa haileti shida, mwalimu mkuu wa shule husika ndiye mwamuzi, nenda na cheti. La msingi, amepita awali? Kama hajashika penseli, usimharakishe ukaja kulipia twisheni ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu).

Mama Nuru: Nimerudi. Ile shule changa nimeiweka pembeni, nikachukua nyingine ya jirani yenye la saba. Mikupuo mitatu: 44 wakabaki 43. 52 wakabaki 50. 47 wakabaki 31. Huu wa tatu unanichanganya.

Baba Tumaini: Umefanya kazi. Huo wa tatu ndio wa karibuni au wa zamani?

Mama Nuru: Wa karibuni. Jirani anasema mwalimu mkuu alibadilishwa katikati.

Baba Tumaini: Basi kilichowaondoa watoto 16 kimeanza juzi, na aliyekianzisha huenda bado yuko ofisini. Nenda kamuulize yeye, usimuulize jirani. Saa nne, na vyoo usisahau kuhesabu.