Kuvua samoni British Columbia, jimbo la Kanada: angalia tangazo la leo kabla hujatoka

Chinook, aina ya samoni, wanaopanda Mto Fraser mapema, kati ya majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, wamepungua vibaya. Baharini wanachanganyika na chinook wa mito yenye nafuu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo katazo hufuata tarehe na eneo. Tangu 2019, sehemu nyingi za bahari ya kusini mwa jimbo haziruhusu kuchukua chinook kuanzia 1 Aprili hadi katikati ya Julai au zaidi. Mwaka huohuo iligunduliwa kuwa maporomoko ya mawe ya Big Bar, kwenye Mto Fraser kupita mji wa Lillooet, yalikuwa yamewazibia njia.

Kwanza leseni. Baharini, na kwenye Fraser kuanzia daraja la reli la mji wa Mission kushuka baharini, unahitaji leseni ya serikali kuu, inayoisha 31 Machi. Kuanzia daraja hilo kupanda mto ni leseni ya jimbo. Ukitaka kubaki na samoni, unalipia pia stempu ya samoni kwenye leseni. Leseni inahitajika hata kama utawaachia wote, na ya baharini watoto wanapewa bure.

Leseni haikwambii kama pako wazi. Tafuta namba ya eneo lako la uvuvi (28 na 29 ziko karibu na Vancouver), usome matangazo ya idara ya uvuvi ya Kanada asubuhi ileile, maana hubadilika katikati ya msimu. Hapa ndipo wengi huponzeka: “hairuhusiwi kuchukua” maana yake ukimnasa chinook unamwachia, “pamefungwa kwa samoni” maana yake hata kumvua na kumwachia ni kosa.

Ndoana iwe haina kijino cha nyuma. Kibane kwa koleo, kisha pitisha ndoana kwenye kitambaa cha pamba, ikikwama, bado. Samaki akinaswa, mwache majini ubavuni mwa boti, lowesha mikono, chomoa ndoana kwa koleo. Ukimburuta juu ya sakafu kavu, ute na magamba vinatoka na vidonda vinaingia maradhi. Anaogelea vizuri mbele yako, kisha anakufa kabla ya kutaga. Usimwinue kwa mkia wala kwa matamvua.

Mfunue mdomo. Chinook ana ufizi mweusi na madoa kwenye ncha zote mbili za mkia. Coho, aina nyingine ya samoni, ana ufizi mweupe na madoa upande wa juu tu. Kisha tazama mgongoni, karibu na mkia: kama kipezi kidogo chenye nyama hakipo na kovu limepona, huyo alitoka kwenye kituo cha kutotolea samaki. Mahali pengi coho wa namna hiyo tu ndio wanaochukuliwa. Ukiwa na shaka, mwachie.

Pima kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia. Ndani ya Strait of Georgia, bahari iliyo kati ya Kisiwa cha Vancouver na bara, chinook asipungue sm 62. Mwandike kwenye leseni papo hapo, si ukifika nyumbani.

Ukiona nyavu mtoni wakati wewe umezuiwa, usikimbilie kusema wanapendelewa. Uvuvi wa wenyeji wa asili kwa chakula na mila unatangulia uvuvi wa burudani, baada ya uhifadhi. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua hivyo mwaka 1990.

Na samaki wa burudani hauzwi wala habadilishwi kwa kitu, hata kwa jirani au wenzenu wa kanisani na msikitini.