Viti vitatu vya watoto kwenye siti moja ya nyuma

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba uingie nyuma ya gari. Pima mlango hadi mlango, kwanza usawa wa makalio, kisha usawa wa mabega ya mtoto. Magari mengi ya saluni ya Kijapani tunayoendesha hapa Dar yana upana wa sentimita 169.5 kwa nje, kwa sababu kule kwao gari likizidi mita 1.7 linahamia daraja la magari makubwa. Ukitoa unene wa milango, ndani kunabaki kidogo. Kwenye gari letu nilipata sentimita 131 chini. Viti vitatu vya sentimita 44 ni 132. Muuzaji atakwambia, "Vitaingia tu, mama." Mwambie akupe kipimo cha sehemu iliyo pana kuliko zote, au pima mwenyewe palepale.

Mimi nina wa miezi minane, wa miaka mitatu na wa miaka sita. Viti vyao ni sentimita 44, 45 na 41. Jumla 130. Ukiangalia hesabu hiyo utasema hakuna nafasi hata ya kupitisha mkono kufunga mkanda, na ungekuwa sahihi kama vyote vingetazama mbele. Kinachookoa ni mpangilio. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma ni kipana upande wa kichwani, na kichwa chake kiko karibu na siti za mbele. Viti vinavyotazama mbele ni vipana mabegani, kwenye egemeo la siti ya nyuma. Ukimweka mchanga katikati, mapana hayakutani.

Lakini kagua mkanda wa katikati kwanza. Magari mengi ya zamani katikati yana mkanda wa kiuno peke yake. Viti vingi vya wachanga vinahitaji na ule wa begani, na busta (kiti cha kumnyanyua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae sawa) haitumiki kamwe na mkanda wa kiuno peke yake. Kama gari lako ni hivyo, katikati pana nafasi ya mtoto mmoja tu: yule wa kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani, tena iwapo kitabu cha kiti kinaruhusu.

Mkubwa, wa busta, anakaa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango huo ndio unaofungukia pembeni mwa barabara. Pia anajifunga mwenyewe, na akiwa katikati ya viti viwili hataona kifungio mpaka amalize darasa la saba.

Sasa ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari bila mkanda. Watu wanaidhania ni lazima. Vyuma vyake huwa kwenye siti za pembeni, vimeachana sentimita 28, na ukishakibana kiti hapo hakisogei kushoto wala kulia. Mkanda wa gari unakuruhusu kukisukuma kiti kuelekea mlangoni, na hizo sentimita mbili tatu ndizo tunazozitafuta. Kiti kikiruhusu kufungwa kwa mkanda, funga kwa mkanda. Usitumie vyote viwili kwa pamoja isipokuwa kitabu chake kimesema.

Anza na cha katikati. Simamisha gari kwenye tambarare, maana mstari ulio ubavuni mwa kiti cha mchanga unapaswa kulala sambamba na ardhi, na ukipaki kwenye mteremko utadanganyika. Pitisha mkanda penye alama (rangi ya buluu kwa kutazama nyuma, nyekundu kwa kutazama mbele, kwa vingi vyenye viwango vya Ulaya), kandamiza kiti kwa mkono au goti, huku unavuta mkanda wa begani. Kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Kinachofuata ni cha nyuma ya dereva, busta mwisho. Viti vinaweza kugusana, lakini kimoja kisikae juu ya ukingo wa mwenzake. Ukimaliza, tikisa kila kimoja tena, kwa sababu cha tatu kikiingia hulegeza cha kwanza.

Mikanda mingine ya gari ukiivuta mpaka mwisho inaanza kutoa sauti ya ka-ka-ka ikirudi, na haitoki tena. Kwa kiti cha mtoto hiyo ni neema. Kwa mtoto wa busta, iachie irudi yote uanze upya, la sivyo itazidi kumbana kila akijigeuza.

Mikanda ya mabegani ya kiti chenyewe: kwa anayetazama nyuma itokee usawa wa bega au chini yake, kwa anayetazama mbele, usawa au juu. Ukiweza kuibana kwa vidole pale begani ikajikunja, bado imelegea. Kanga usiikunje nyuma ya mgongo wa mtoto. Itumie kufunika viti ukipaki juani, vile vyuma vya kifungio vinaunguza.

Mtumba? Mimi sinunui kiti nisichojua kilikotoka. Kiti kilichopata ajali kinaweza kisionyeshe ufa nje, na bila lebo ya R44 au R129 (viwango vya usalama vya viti vya watoto) hujui umebeba nini.

Mama mkwe anaona yote haya ni mbwembwe, mtoto si ampakate tu. Nilimpigia hesabu: gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo nane anavutwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 160. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi, na hakuna mikono ya kulizuia.

Vikigoma kabisa, mkubwa ndiye aende mbele, na siti isogezwe nyuma hadi mwisho. Mchanga anayetazama nyuma haendi mbele kwenye gari lenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Na nyuma hapatabaki pa mtu mzima, kwa hiyo mama mkwe sasa anakaa mbele na kapu lake, na baba watoto tukienda wote anapanda daladala.