Muziki mzuri kwenye gari ndogo bila kujaza buti

Wengi wenye Vitz, Passo au IST huanza kwa kuulizia sabufa ya inchi 12. Anza na milango. Spika za inchi 6 na nusu zikifungwa vizuri zinatoa besi safi, na buti linabaki la mizigo.

Hatua ya 1: Spika. Achana na "wati 500" zilizoandikwa kwenye boksi. Tazama wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo, na zile desibeli za usikivu wa spika, yaani inavyolia kwa wati kidogo. Spika ya desibeli 92 ukiilisha wati 50 inalia sawa na ya desibeli 89 iliyolishwa wati 100. Zenye sumaku ya neodimiamu ni ghali kidogo, lakini ni nyepesi mno.

Hatua ya 2: Mlango. Hapa usiwe na haraka. Ukifungua kava utakuta karatasi ya plastiki, na nyuma yake matundu makubwa. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikipenya kwenye matundu hayo inakutana na ya mbele, besi inakufa. Ziba kwa shiti za butili, zile za raba nzito yenye gundi. Tundu kubwa liwekee kwanza kipande cha alumini. Matundu ya chini kabisa usiyaguse, ndiyo yanayotoa maji ya mvua, na ukiyaziba mlango utaoza. Kabla ya kurudisha kava, shusha kioo hadi mwisho na ujaribu loki.

Kisha gonga bati la nje kwa kidole. Likilia kama debe, bandika shiti katikati yake. Robo ya bati inatosha kabisa. Anayebandika mlango mzima anaongeza uzito tu.

Hatua ya 3: Amplifaya. Nunua ya daraja D (Class D), aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, chaneli nne, yaani njia nne za spika, wati 50 kila moja. Inaenea chini ya kiti na haichemki sana. Ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta kama ampia 20. Ya daraja AB, aina ya zamani inayopoteza umeme zaidi, ingevuta zaidi ya 30 kwa sauti ileile.

Hatua ya 4: Waya. Waya wa chanya wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, milimita 10 za mraba, na fyuzi ya ampia 30 ikae ndani ya sentimita 30 kutoka betri. Fyuzi hiyo inalinda waya: ukichunika na kugusa bodi bila fyuzi, gari linaungua. Waya wa hasi uwe mfupi, ufungwe kwenye bodi ya gari. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae ndipo ukaze bolti. Madukani kuna waya mwingi wa alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani usinunue.

Hatua ya 5: Kuseti. Kama hujui chanya ya spika, gusisha betri ya tochi mara moja kwenye ncha mbili za spika: koni ikiruka nje, upande wa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Kwenye amplifaya, kata besi ya chini ya hezi 70, yaani ile nzito kabisa. Weka redio robo tatu ya sauti, pandisha geini (kitufe cha nguvu kwenye amplifaya) taratibu hadi muziki uanze kukwaruza, halafu rudisha nyuma kidogo.