Kuchagua pikapu za gitaa kwa mlio wa surf

Mlio wa surf, muziki wa gitaa wa wateleza mawimbi, ulizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye gitaa za kampuni ya Fender zenye pikapu (sumaku zilizozungushiwa waya, zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja: Stratocaster ya mpiga gitaa Dick Dale, Jazzmaster, kisha Jaguar ya 1962. Anzia hapo. Za koili mbili huzima ule ukali wa juu, na bila ukali huo riveba ya springi, yaani mwangwi unaotengenezwa kwa springi, haina cha kurusha.

Nilipobadilisha zangu mara ya kwanza nilinunua zenye nguvu kupita kiasi, nikidhani nguvu ndiyo sauti. Zilipima karibu kiloomu 10 za ukinzani wa waya. Kila noti ilitoka nzito na butu, na ile midundo ya haraka ya kiganja kilichokandamiza nyuzi ikawa matope matupu. Sasa natafuta kiloomu 5.5 hadi 6.5, zenye sumaku za alniko 5 (aina ya aloi). Namba hiyo si kila kitu, maana unene wa waya nao huibadilisha, lakini inakuepusha na kosa langu.

Pima kwanza tundu la gitaa lako: pikapu ya Jazzmaster ni pana na bapa, haiingii kwenye nafasi ya Stratocaster bila kuchonga mbao. Kama gitaa lako lina pikapu tatu, ya kati iwe imegeuzwa sumaku na mzunguko wa waya, ili ukiiunganisha na jirani yake mvumo wa umeme upotee.

Ukishalehemu, zishushe kidogo. Sumaku ikikaribia mno nyuzi nene, huzivuta na noti hupinda.