Umepata pesa za mkupuo ukiwa ndani ya mpango wa nafuu ya madeni: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Mpango wako wa nafuu ulikubaliwa kwa sababu ulionyesha kwamba huna. Halafu inaingia pesa ambayo hukuitarajia: urithi, fidia, malimbikizo ya mshahara, rejesho la kodi, ushindi wa bahati nasibu, zawadi ya ndugu. Katika kazi yangu ya kushauri watu wenye madeni naona mipango mizuri ikivunjika hapa, na mara nyingi si kwa sababu pesa ilikuwa nyingi. Ilivunjika kwa sababu mtu aliitumia kwanza, akaeleza baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye pesa imeingia au imeahidiwa na bado hajaigusa. Kama umeshaigusa, anza na hatua ya 5 leo hii, kisha rudi juu.

Hatua ya 1: Usiiguse, hata kwa nia njema

Nia njema ndiyo ninayoiogopa zaidi. Anayetaka kununua gari anajua anafanya kosa. Anayetaka kumlipa shemeji yake aliyemkopesha wakati wa shida anaona anatenda haki, na pengine kiubinadamu ni kweli. Kisheria, kumlipa mdai mmoja ukawaruka wengine ni upendeleo, na malipo hayo yanaweza kurudishwa. Mpango ukivunjika ukaishia kwenye ufilisi, miamala yako itakaguliwa kurudi nyuma. Kwa sheria ya Uingereza ni miezi 6 kwa mdai wa kawaida na miaka 2 kwa ndugu au mtu wa karibu. Marekani ni siku 90, na mwaka mzima kwa ndugu na washirika. Maana yake ni kwamba shemeji mwenyewe anaweza kutakiwa azirudishe, nawe utakuwa umemwingiza kwenye kesi.

Jambo la pili ni akaunti. Ikiwa pesa inaelekea kwenye benki ambayo nayo inakudai, benki nyingi zina haki ya kukata deni lao moja kwa moja kwenye salio lako. Pesa haijaingia bado? Muulize msimamizi wa mpango wako ielekezwe wapi. Imeshaingia? Usiihamishe kimyakimya kwenda kwa mke, mume au rafiki. Hata kama ulikuwa unaikimbiza benki tu, kwenye taarifa ya akaunti itaonekana unaficha mali.

Hatua ya 2: Soma uko kwenye mpango wa aina gani

Toa makaratasi. Watu wengi huniambia "niko kwenye mpango" bila kujua ni upi, na majibu yanatofautiana sana.

Kuna makubaliano ya hiari na wadai, yasiyopita mahakamani. Hapa kinachokufunga ni yale uliyosaini, na mara nyingi una nafasi kubwa ya kujadiliana.

Kuna mpango wa kisheria wa kulipa kwa awamu, kwa kawaida miaka kadhaa. Chapter 13 ya sheria ya ufilisi ya Marekani huchukua miaka 3 hadi 5, na mali unayoipata katika muda huo huhesabiwa ndani ya mpango. Mikataba ya IVA ya Uingereza (makubaliano rasmi ya kisheria kati ya mdaiwa na wadai wake) kwa kawaida huwa na kifungu kinachotaja wazi pesa za ghafla. Kitafute chako ukisome neno kwa neno.

Halafu kuna msamaha wa asiye na mali, ambao pesa ya ghafla inaugusa kwenye mzizi. Kwa Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa namna hiyo kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Kwa Uingereza na Wales upo unaoitwa DRO, yaani amri ya nafuu ya madeni: madeni yasizidi pauni 50,000, kiwango kilichoanza Juni 2024, na mali isizidi pauni 2,000, gari likiwa na kikomo chake peke yake. Yote miwili huchukua miezi 12, na yote miwili inakutaka umjulishe afisa wa serikali anayeisimamia pindi hali yako inapobadilika.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe haki ilipozaliwa

Hapa tulia kidogo, maana watu wengi wanaangalia tarehe isiyo sahihi. Wanaangalia siku pesa ilipoingia benki. Sheria mara nyingi inauliza kitu kingine: haki ya kuidai pesa hiyo ilianza lini?

Chukua fidia. Uligongwa na gari, mwaka uliofuata ukaingia kwenye mpango, na bima inalipa miaka miwili baadaye. Haki ilikuwepo tangu siku ya ajali, kwa hiyo ulikuwa na mali siku uliposema huna, hata kama hukuwa na senti mkononi. Malimbikizo ya mshahara yana mantiki hiyohiyo: ni ya miezi gani? Kwa urithi, tarehe ya kuangalia kwanza ni ya kifo, wala si siku mirathi ilipogawanywa.

Na usidhani cheti cha kumaliza mpango kinafuta kila kitu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Green v Wright, ilimshughulikia mdaiwa aliyekamilisha IVA yake na kupewa cheti. Baadaye ikaja fidia ya bima aliyouziwa isivyo halali kabla ya mpango. Mahakama ilisema pesa ile bado ni ya wadai wa mpango ule. Mkataba wako unaweza kuwa na maneno tofauti, lakini kama una madai yoyote ya zamani ambayo hujayafuatilia, yataje sasa.

Upande wa pili, sheria nyingine huweka ukomo. Katika ufilisi wa Chapter 7 wa Marekani, ambako mali ya mdaiwa huuzwa kulipa wadai, urithi ambao haki yake imezaliwa ndani ya siku 180 tangu kufungua maombi huingia kwenye mali ya wadai. Siku ya 181 habari ni nyingine. Ndiyo sababu nasema tafuta tarehe kamili na karatasi ya kuithibitisha: cheti cha kifo, ripoti ya polisi, barua ya mwajiri.

Hatua ya 4: Tenga kile ambacho si cha wadai

Si kila shilingi au dola inayopita mikononi mwako ni mali yako, na si kila mali yako inaweza kuchukuliwa. Fidia ya kuumia ni mfano mzuri. Katika ufilisi wa Uingereza, sehemu inayolipwa kwa ajili ya maumivu hubaki ya aliyeumia, na sehemu ya mapato aliyoyapoteza huenda kwa wadai. Kwa hiyo mwombe wakili au kampuni ya bima barua inayogawa kiasi hicho kwa vipengele. Hundi moja isiyo na maelezo itakugharimu.

Mafao ya uzeeni nayo mara nyingi yana kinga, lakini kinga inaweza kuisha pesa ikishatolewa kwenye mfuko, hivyo uliza kabla ya kuomba malipo. Kama wewe ni mweka hazina wa kikundi na michango inapita kwenye akaunti yako, toa daftari la kikundi na muhtasari wa kikao. Kisha punguza ada ya wakili na kodi, kisha andika kiasi halisi kinachobaki.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa maandishi

Simu haitoshi. Piga simu ukitaka, kisha andika. Barua fupi inafaa kuliko ndefu:

"Ndugu Msimamizi, namba ya mpango wangu ni ____. Tarehe ____ nimejulishwa kwamba nitapokea (au: nimepokea) kiasi cha ____ kutoka kwa ____, kwa sababu ya ____. Haki ya malipo haya ilianza tarehe ____. Pesa iko katika akaunti ____ na sijaitumia. Naambatisha nyaraka. Naomba maelekezo kwa maandishi kabla sijafanya lolote."

Andika mara unapojua, hata kabla pesa haijafika. Marekani muda wa kuwasilisha taarifa ya mali kama hii mahakamani ni siku 14 tangu kujua. Sehemu nyingine sheria husema tu "mapema iwezekanavyo", na kimya cha wiki kadhaa ni kigumu kukitetea.

Ukiwa umeshatumia, badilisha sentensi ya "sijaitumia". Orodhesha ulichotumia, lini, kwa nini, weka risiti, na taja kilichobaki. Matumizi ya matibabu au kodi ya nyumba yakielezwa mapema huweza kueleweka. Yakigunduliwa kwenye taarifa ya benki, mazungumzo yanahamia kwenye kuficha mali, ambako kuna adhabu ya jinai.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya njia zilizopo

Kiasi kidogo, chini ya kikomo cha mpango wako, kinaweza kisibadilishe chochote. Kikubwa kwenye msamaha wa asiye na mali kinaweza kuusitisha, na madeni yakaanza kudaiwa upya. Katika hali hiyo linganisha: pesa hii inalipa madeni yote? Kama inayalipa na inabaki, kulipa na kutoka ni heri. Kama inalipa theluthi tu, utabaki na theluthi mbili na huna tena ngao. Hapo mtafute mshauri wa madeni au wakili kabla ya kujibu.

Kwenye makubaliano ya hiari unaweza kutoa pesa hiyo kama malipo ya mwisho ya kufuta deni lote. Gawa kwa uwiano. Tuseme unadaiwa 600,000: A 300,000, B 180,000, C 120,000. Una 200,000. Kila mmoja anapewa theluthi ya anachodai: A 100,000, B 60,000, C 40,000. Waambie wote kwamba toleo ni lilelile kwa wote. Usilipe hata senti mpaka kila mmoja ameandika kwamba anakubali kiasi hicho kumaliza deni, na kwamba hataliuza salio kwa wakusanyaji. Afisa wa simu akisema "lipa tu, tutaweka sawa", mwambie utalipa siku barua itakapofika.

Hatua ya 7: Subiri jibu, kisha lihifadhi

Jibu likichelewa, kumbusha kwa maandishi na nakili barua ya kwanza. Likija la kukuruhusu ubaki na pesa, au sehemu yake, litunze pamoja na uthibitisho wa kila malipo hata baada ya cheti cha kumaliza mpango. Wadai huuza madeni, na mnunuzi mpya anaweza kupiga simu miaka kadhaa baadaye bila kujua chochote kuhusu mlichokubaliana.